Nile nini sasa? Mwongozo wa chakula kwa aliyetibiwa saratani ya titi

Mwanamke akishaambiwa ana saratani ya titi na mshtuko wa kwanza ukapungua, swali linalomtoka mapema ni la chakula. Nile nini? Niache nini? Ana haki ya kuuliza. Kisu kimeshikwa na daktari, mionzi inatoka kwenye mashine, lakini sahani ni yake mwenyewe. Shida ni kwamba majibu humjia mengi kuliko anavyoweza kuyabeba. Jirani anamkataza nyama, shangazi anamkataza sukari, ujumbe wa simu unamtaka anywe juisi ya majani kila asubuhi, na mtu mwingine tayari ana unga wa kumuuzia.

Nianze na lililo zito. Hakuna chakula kinachotibu saratani ya titi, na hakuna kimoja kilichothibitika kwamba peke yake kinaizuia isirudi. Hata hivyo ulaji unagusa mambo yanayoamua mtu ataishi muda gani na kwa afya gani: kama atamaliza dozi zake zote, uzito wake, misuli yake, moyo na mifupa. Na ulaji unaokufaa katikati ya tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani ambazo nyingi hutolewa kwa dripu, si ule utakaokufaa miaka miwili baadaye. Wengi huumia kwa kuchanganya nyakati hizo mbili: wanajinyima wakati mwili unadai, kisha wanajiachia wakati unahitaji mpaka.

Ninaandika kwa ajili ya watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwisho wa mwaka 2020 kulikuwa na wanawake milioni 7.8 walio hai waliogunduliwa na saratani ya titi katika miaka mitano iliyotangulia. Kila mmoja wao hula kila siku.

Hatua ya 1: Jua uko wapi

Kabla ya kubadilisha chochote jikoni, pata majibu ya maswali manne kutoka kwa daktari wako, na uyaandike. Saratani yangu ina vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, au haina? Nimekoma hedhi au bado? Ninatumia dawa gani, na nitazitumia hadi lini? Uzito wangu wa siku ya kwanza ulikuwa kilo ngapi?

Maswali haya yanaonekana hayahusiani na chakula, lakini ndiyo yatakayokuonyesha ni sehemu ipi ya mwongozo huu inakuhusu zaidi. Anayetumia dawa zinazopunguza estrojeni, homoni ya kike, kama letrozole au anastrozole, ana jukumu la kulinda mifupa. Aliyekoma hedhi na ana uzito mkubwa ana sababu ya ziada ya kuangalia mafuta ya mwilini. Na aliye katikati ya tibakemikali aanze na hatua ya 2, mengine yasubiri.

Hatua ya 2: Wakati wa tibakemikali, kula ili umalize matibabu

Lengo hapa ni moja: mwili uwe na nguvu ya kupokea dozi inayofuata kwa tarehe iliyopangwa. Dozi zinazoahirishwa mara kwa mara au kupunguzwa hudhoofisha tiba yenyewe. Kwa hiyo huu si wakati wa kufunga kula ili "kuinyima saratani chakula", wala wa kuanza kupunguza uzito kwa nguvu.

Protini ndiyo ya kuifikiria kwanza, kwa sababu ndiyo inayojenga upya kinachobomolewa na dawa. Mgonjwa wa saratani hushauriwa apate zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mwenye kilo 60 anahitaji basi kati ya gramu 60 na 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na gramu 100 za samaki au kuku aliyepikwa zinakaribia 25. Ukizigawa mara tano au sita kwa siku, idadi hiyo haitishi.

Kichefuchefu ndicho adui wa kila siku. Meza dawa ya kuzuia kutapika kwa saa uliyoelekezwa, usingoje mpaka tumbo liasi. Kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Vyakula vikavu kama mkate uliokaushwa hutulia vizuri asubuhi. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali kama cha moto, kwa hiyo mwache mtu mwingine apike, wewe uje mezani kikiwa kimepoa. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: siku ya dripu usile chakula ukipendacho kuliko vyote. Ubongo hukiunganisha na kutapika, na unaweza kukichukia kwa miezi mingi baadaye.

Mdomo ukiwa na ladha ya chuma, jaribu kijiko cha mbao au cha plastiki, na uongeze limau kwenye chakula ikiwa huna vidonda mdomoni. Ukiwa na vidonda, achana na limau, pilipili na vitu vya kukwaruza. Kula laini na vuguvugu, na usukutue kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea (baking soda). Ukiharisha, maji na chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) ni muhimu kuliko chakula kigumu. Ukifunga choo, ongeza maji na nyuzinyuzi polepole, na uulize dawa ya kulainisha mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zenyewe hufungisha choo.

Kuna siku kati ya dozi ambapo chembe nyeupe za damu hushuka sana, na vijidudu ambavyo mtu mwenye afya angevistahimili vinaweza kukulaza hospitalini. Katika siku hizo usile yai lisiloiva, nyama yenye damu, samaki mbichi wala maziwa yasiyochemshwa. Kiporo kilicholala nje usikiguse. Lakini matunda na mboga mbichi si marufuku: zioshwe vizuri kwa maji safi, na tunda limenywe ganda. Kumnyima mgonjwa kila kibichi hakujaonekana kupunguza maambukizi, na kunamwondolea raha ndogo aliyobaki nayo. Joto la mwili likifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo.

Si kila mtu hukonda. Wanawake wengi wenye saratani ya titi hunenepa wakati wa tibakemikali, jambo linalowashangaza. Dawa za jamii ya steroidi, kama dexamethasone, huamsha njaa na kupandisha sukari. Uchovu hupunguza kutembea. Na wengine hedhi hukoma ghafla. Ubaya wake ni kwamba kinachoongezeka ni mafuta huku misuli ikipungua, hivyo mizani inaweza kusoma kilo zilezile wakati mwili umebadilika. Nitarudi kwenye misuli. Kwa sasa, mweleze daktari ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito bila kukusudia, au ukiongeza kwa kasi.

Hatua ya 3: Matibabu yakiisha, shughulikia uzito

Kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja tu la kumsisitizia mwanamke aliyemaliza matibabu, ningechagua hili. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha tafiti 82 zilizowahusu zaidi ya wanawake 213,000 waliopona au kuishi na saratani ya titi. Wenye unene uliopitiliza walikuwa na hatari ya kufariki, kwa sababu yoyote ile, kubwa kwa asilimia 41 kuliko wenye uzito wa kawaida. Kwa waliokuwa bado wanapata hedhi tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Sababu inaeleweka kwa kiasi. Mwanamke akikoma hedhi, ovari zake, yaani vifuko vya mayai, hazitengenezi tena estrojeni ya kutosha, lakini mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Kadiri mafuta yanavyozidi, ndivyo kiwanda hicho kinavyokua, na saratani yenye vipokezi vya homoni hulishwa na estrojeni hiyo. Unene pia hupandisha insulini na kuuweka mwili katika hali ya inflamesheni, yaani kuvimba kidogo kwa ndani kusikokwisha, na vyote viwili huchochea seli kukua.

Niwe mkweli hapa: kuona kwamba wanene wanafariki zaidi hakuthibitishi kwamba kila anayepungua ataishi zaidi. Lakini kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 kunashusha sukari, shinikizo la damu na insulini, na hayo peke yake yanatosha kuwa sababu.

Fanya hivi. Jipime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, na upime kiuno kwa utepe mara moja kwa mwezi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe protini, robo iwe wanga, na wanga huo uwe wa nafaka isiyokobolewa kila inapowezekana. Ondoa vinywaji vyenye sukari kabla hujaondoa chakula chochote. Hakuna mahali pengine ambapo nishati nyingi hutoka kwa urahisi hivyo. Lenga nusu kilo kwa wiki au pungufu ya hapo. Anayejinyima hadi kilo mbili kwa wiki anapoteza misuli, kisha mafuta yanarudi peke yake.

Hatua ya 4: Mboga na mafuta, bila kutia chumvi

Hapa nataka tutulie, kwa sababu ahadi za uongo ni nyingi. Kuna majaribio mawili makubwa ambayo kila anayeuza lishe ya saratani angepaswa kuyajua.

La kwanza, lililojulikana kama WINS, liliwachukua wanawake 2,437 waliotibiwa saratani ya titi ya awali. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta kwenye chakula hadi gramu 33 hivi kwa siku, huku lingine likibaki karibu na 51. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006, baada ya miaka mitano hivi, yalionyesha saratani imerudi kwa asilimia 9.8 ya waliopunguza mafuta na asilimia 12.4 ya wengine. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale ambao saratani yao haikuwa na vipokezi vya estrojeni.

La pili, WHEL, lilikuwa na wanawake 3,088. Kundi la lishe lilikula mboga mara tano kwa siku pamoja na glasi kubwa ya juisi ya mboga, matunda mara tatu, nyuzinyuzi gramu 30, na mafuta kidogo. Walifuatiliwa kwa miaka 7.3, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Saratani ilirudi au kuanza upya kwa asilimia 16.7 upande mmoja na 16.9 upande mwingine. Hakukuwa na tofauti.

Kwa nini moja lioneshe nafuu na lingine lisioneshe? Tofauti moja inaonekana wazi: wanawake wa WINS walipungua uzito kwa kilo mbili na zaidi, wale wa WHEL hawakupungua. Mimi naona hapo ndipo penye funzo. Rundo la mboga lililoongezwa juu ya ulaji uleule halikubadilisha mwendo wa ugonjwa. Mboga zikichukua nafasi ya vitu vizito, hesabu ya mwili mzima hubadilika.

Kuna na jaribio la tatu, lililowahusu wanawake 48,835 waliokoma hedhi ambao hawakuwa na saratani walipoanza. Waliopangiwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka, walipofuatiliwa kwa karibu miaka 20, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 21 ya kufariki kwa saratani ya titi. Mabadiliko waliyoyafanya yalikuwa ya kiasi, ya aina ambayo mtu anaweza kuishi nayo.

Kwa vitendo: kaanga kidogo, chemsha na choma zaidi, pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Nyama nyekundu isizidi gramu 500 kwa wiki ikiwa imepikwa. Soseji na nyama nyingine za kusindika ziache kabisa ukiweza, au ziwe za nadra sana. Usinunue mashine ya juisi kwa mkopo. Tunda zima lina nyuzinyuzi ambazo juisi imezitupa.

Hatua ya 5: Pombe

Iache. Pombe ni kisababishi cha saratani kinachotambulika, na kwa titi hakuna kiwango kilichoonekana kuwa salama kabisa. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa wanawake 1,897 waliokwisha kutibiwa, waliokunywa gramu 6 au zaidi za kilevi kwa siku, yaani karibu nusu ya chupa ndogo ya bia, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani kurudi, hasa waliokoma hedhi na wenye uzito mkubwa. Tafiti nyingine hazijakubaliana kuhusu vifo, lakini hakuna sababu ya kiafya ya kuanza kunywa au kuendelea. Ikiwa kuacha kunakuwia vigumu, mwambie daktari waziwazi. Hilo nalo lina tiba.

Hatua ya 6: Ondoa hofu mbili

Ya kwanza ni soya. Watu husikia ina "estrojeni ya mimea" wakaikimbia. Kemikali hizo hufanana na estrojeni kwa umbo, lakini hazifanyi kazi kama yake kwenye titi. Huko Shanghai walifuatiliwa wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya titi, na mwaka 2009 ikaonekana kwamba waliokula soya zaidi ndio waliokuwa na vifo vichache na saratani iliyorudi mara chache. Soya ya chakula, yaani maharage yake, maziwa yake au tofu, kula bila wasiwasi. Vidonge vyenye dondoo la soya ni habari nyingine, viache.

Ya pili ni sukari. Kila seli hutumia sukari, za saratani na za ubongo wako pia, na mwili hutengeneza sukari hata usipoila. Kuacha kula wanga wote hakuiui saratani kwa njaa. Punguza sukari ya kuongeza kwa ajili ya uzito na moyo, lakini usijilaumu kwa kipande cha keki ulichokula kwenye arusi ya mwanao.

Hatua ya 7: Vidonge, unga na mitishamba

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu wauzaji huwakuta watu wakiwa wanyonge. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2020, wagonjwa waliotumia vidonge vya antioksidanti, yaani vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe, kama vitamini A, C na E kabla na wakati wa tibakemikali walionekana kuelekea kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani kurudi, na waliotumia vitamini B12 au madini ya chuma nao walifanya vibaya. Tibakemikali na mionzi huua seli kwa kiasi fulani kwa njia ambayo antioksidanti huizuia, kwa hiyo onyo hili lina mantiki. Usimeze kidonge chochote cha vitamini bila kipimo cha damu kinachoonyesha upungufu.

Manjano kwenye mchuzi hayana neno. Manjano ya vidonge yalionekana kushusha kiwango cha tamoxifen, dawa inayozuia estrojeni kuifikia saratani, kwenye damu, na zaidi yanapochanganywa na pilipili manga. Balungi, tunda na juisi, huongeza nguvu ya vidonge vya saratani ya titi kama palbociclib na ribociclib hadi kuwa hatari, anayezitumia asiliguse. Mimea mingine huchosha ini ambalo tayari linasafisha dawa nzito.

Ikiwa mtu unayemheshimu amekuletea dawa ya mitishamba, mshukuru, iweke, na useme, "Nitamwonyesha daktari kwanza." Jibu hilo halimvunjii heshima mtu.

Hatua ya 8: Misuli, mifupa na moyo

Wanawake 3,241 wenye saratani ya titi walipopimwa misuli kwa picha za CT, wenye misuli michache walikuwa na hatari ya kufariki kubwa kwa asilimia 41. Uzito wa kawaida haukuwakinga. Kwa hiyo protini ya hatua ya 2 isikome dripu zikiisha, na iambatane na kazi ya misuli: kuketi na kuinuka kitini bila kushika, kusukuma ukuta, kunyanyua chupa za maji, mara mbili kwa wiki. Aliyetolewa tezi za kwapani aanze na uzito mdogo sana na aulize mtaalamu wa mazoezi. Kutembea nako kuna uzito wake. Katika ufuatiliaji wa wauguzi wa Marekani waliokuwa na saratani ya titi, uliotolewa mwaka 2005, waliotembea kiasi cha saa tatu hadi tano kwa wiki ndio waliofanya vizuri zaidi.

Mifupa inahitaji kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku kwa aliyezidi miaka 50. Kikombe cha maziwa hutoa 300 hivi. Mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yake na mboga za majani mabichi hujaza kilichobaki. Vitamini D ipimwe.

Na moyo. Baadhi ya dawa za saratani ya titi huuchosha, na mwanamke mzee aliyepona anaweza kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kwa maradhi ya moyo kuliko kwa saratani yenyewe. Punguza chumvi, pima shinikizo.

Hatua ya 9: Nenda kliniki na ushahidi

Wiki moja kabla ya miadi, andika ulichokula kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko, bila kujipamba. Andika uzito na kiuno. Kisha chukua mfuko, utie kila kidonge, unga, chai na chupa unayotumia nyumbani, hata ile uliyopewa na mama mkwe, uipeleke yote mezani kwa daktari. Omba pia kuonana na mtaalamu wa lishe, na uende na anayepika nyumbani, kwa sababu ndiye atakayeyatekeleza.